Kabati la Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa anapindia marinda ya sare za shule aliposikia kabati la nguo linagongwa kutoka ndani. Hakuinuka mara moja. Sindano ilikuwa imeshazama kwenye kitambaa, na pindo ukiliacha katikati, mshono hupinda. Alilimaliza rinda, akakata uzi kwa meno, ndipo akaenda kufungua.

Baridi ilimpiga usoni. Nyuma ya gauni lake la harusi na suti ya Baba Pacha palikuwa na rafu za chuma, maboksi ya nyama yaliyopangwa mpaka darini, na taa moja nyeupe. Mumewe alisimama katikati ya nguo, nyusi zimeganda, mikono ameisokomeza kwapani.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama Pacha. "Nilidhani panya."

"Ni mimi," Baba Pacha alijibu kwa shida, maana midomo haikuwa inamtii. "Hebu sogeza hilo gauni nipite."

Alilisogeza, akamvuta nje, akafunga kabati ili baridi isiwaamshe watoto. Alimfunika mablanketi yote yaliyokuwamo nyumbani, akamchemshia chai. Mikono ya mumewe ilipotulia kiasi cha kushika kikombe, alieleza.

Baba Pacha alikuwa mpanga mizigo wa usiku katika ghala la nyama. Kitasa cha ndani cha chumba cha baridi kilivunjika zamani sana, hata aliyekivunja alishaacha kazi. Walipokuwa wawili haikuwa shida: mmoja akiingia, mwenzake hubaki nje, akisikia kishindo anafungua, na maneno mawili matatu ya utani juu yake. Kisha meneja akapiga hesabu zake, akaona kwamba mtu anayesimama nje ya mlango anasimama tu. Mwenzake akahamishiwa mchana. Tangu hapo Baba Pacha aliuzuia mlango kwa kreti, na usiku huo kreti liliteleza.

"Nimepiga ule mlango mpaka ngumi zikafa ganzi," alisema. "Mlinzi yuko getini, na mashine zikishaanza kunguruma hata ukilia hakusikii mtu. Halafu nikaanza kuhisi joto. Nikasikia raha, nikataka kulala. Hapo nikajua basi, ndiyo nakwenda."

"Ukafanyaje?"

"Nikasikia cherehani yako. Nikaifuata mpaka ukuta wa nyuma, nikagonga."

Mama Pacha alilifikiria lile rinda alilolimaliza wakati mumewe anagonga. Alikaa sakafuni akalia, kisha akamtukana meneja matusi ambayo Baba Pacha hakujua kama mkewe anayajua, kisha akacheka, kwa sababu mume alikuwa pale, mzima, anavuta chai yake kwa ile sauti inayomuudhi kila siku. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Alimwongezea sukari.

Zamu ilikuwa haijaisha, kwa hiyo Baba Pacha alipopata joto alipanda baiskeli akarudi kazini kwa njia ya kawaida. Mlinzi alimgombeza kwa kutoka bila kupita getini.

Asubuhi alikwenda kwa meneja. Meneja alikuwa mtu mstaarabu, asiyemkatiza mtu maneno. Alisikiliza yote, kisha akauliza kama kabati ni la mbao au la bati.

"La mbao, bosi. Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya kitasa."

"Kitasa nilikuwa karibu kukiagiza," alisema meneja, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Sasa umeniokoa. Hilo kabati linafunguka vizuri?"

"Mvua ikinyesha linakwama kidogo."

"Hilo niachie mimi."

Na kweli, safari hii alitimiza. Jioni hiyo hiyo alikuja seremala wa kampuni, akaupiga randa mlango wa kabati, akatia mafuta bawaba, akabandika kibao cha kijani chenye mchoro wa mtu anayekimbia. Alimwomba Mama Pacha nguo azitafutie pengine, kwa sababu njia ya dharura haitakiwi kuzibwa. Nguo zikahamia chini ya kitanda. Alimwachia pia kizibao cha rangi ya machungwa kinachong'aa gizani, zawadi kutoka kwa meneja.

Majirani walikuja kuona kibao, wakaelezwa, wakaelewa. Walichoshikia bango ni utani tu: kwamba mtaa mzima hakuna mke mwingine aliyekutwa na mwanamume kabatini, na mwanamume mwenyewe akawa mumewe wa ndoa. Mama Pacha alicheka nao, maana hata yeye aliona utani umekaa vizuri.

Mkaguzi wa usalama naye alifika. Alivua viatu mlangoni, akasalimia, akafungua kabati, akaingiza kichwa. Yule mwenzake Baba Pacha wa zamani alikuwa humo anapanga maboksi ya mchana, wakajuliana hali. Mkaguzi akafunga kabati, ameridhika.

"Maghala mengi hayana hata hii," alisema.

"Na usiku nisipokuwepo?" aliuliza Mama Pacha.

"Usiku unakwenda wapi tena, mama?" Mkaguzi hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuta viatu vyake.

Kreti liliendelea kuteleza lilipojisikia. Siku nyingine Baba Pacha alirudi kwa mlango, siku nyingine kwa kabati. Mama Pacha alijifunza kulala mchana, mapacha wakiwa shule, na usiku kukaa macho na cherehani yake. Kabati likigongwa aliruka, rinda limalizike lisimalizike.

Usiku mmoja liligongwa kwa nguvu, naye akawahi hivi kwamba Baba Pacha alitoka akiwa na sikio moja tu lililokufa ganzi. Mama Pacha alimng'ang'ania pale pale, baridi yake yote, akamshukuru Mungu kwa sauti. Simu ikalia. Alikuwa dada yake: amejifungua salama, mtoto wa kike, mnene, ana kelele. Mama Pacha alipiga vigelegele hadi Baba Pacha akamwekea kidole mdomoni kwa ajili ya watoto.

"Sasa njoo, mdogo wangu," alisema dada. "Niko hoi, sina wa kunishika mkono. Wabebe na mapacha, njoo unikalie hata huu usiku mmoja."

Baba Pacha alikuwa ameshamaliza chai. Alikuwa anafunga kamba za viatu ili arudi ghalani.

"Siwezi, dada," alisema Mama Pacha. "Niko kazini."

"Kazini? Usiku huu? Uko na nani huko?"

"Peke yangu."