Bata Mzinga wa Jeppestown

Kosa lilikuwa la Lynette, na alilijua tangu Jumatatu. Chloé, Mmarekani aliyesoma naye chuo kikuu na kuishi naye nyumba moja, alimwomba amtoe bata mzinga kwenye friza siku tatu kabla ya Sikukuu ya Shukrani, barafu iyeyuke polepole. Lynette akasema sawa, kisha akajitia hamnazo. Kwao Litein kuku huchinjwa asubuhi akaliwa mchana. Nyama ya kulala siku tatu nje ya friza, tena katika joto la Novemba, aliiona ni uchafu mtupu. Alhamisi asubuhi ndege alikuwa mgumu kama tofali, na Lynette hakumwambia mtu.

Jiko lao halikumtosha ndege wa ukubwa ule. Wakampeleka mtaa wa Jeppestown kwa Emérite, mama wa Kirundi aliyeoka mikate ya kuuza kwenye spaza, vile viduka vya mitaani, kwa tanuri kubwa la kuni ndani ya karakana kuukuu iliyozungukwa na mafundi wa vyuma. Lynette alikuwa amekula bure pale mara nyingi kiasi cha kumwita mama bila kuona haya.

"Leo tunafunga saa saba," akasema Salvator, mume wa Emérite, hata kabla hawajaketi. "Kuna maandamano. Wenyeji wamesema wageni wote wafunge. Tunaenda kulala mtaa wa Mayfair, kwenye usalama."

"Saa saba atakuwa ameiva, baba," Lynette akajibu, macho makavu.

Emérite akambonyeza ndege kwa kidole. Akamtazama Lynette kidogo, akaongeza kuni.

Saa saba nyama ilikuwa bado damu tupu. Chloé, aliyealika watu kumi na wawili na kulia asubuhi kwa kuwakumbuka wa kwao, alisema basi, waiache. Angesikilizwa yeye, mambo yangeishia hapo. Lakini Lynette alikuwa na uongo wa kuficha, na uongo una kiherehere.

"Saa moja tu, mama. Aki, ni sikukuu yake, na hapa hana mtu."

"Eish, Mama Arnaud!" Salvator akamgeukia mkewe, akafyonza. "Tufe kwa sababu ya kuku?"

"Saa moja," akasema Emérite. "Miye nimeshasema."

Mtaa mzima ulikuwa umefungwa. Mafundi wa vyuma walikuwa wameondoka, na moshi pekee uliokuwa ukipanda ulikuwa wa tanuri lao. Huo moshi ndio uliowaponza.

Walisikia nyimbo kwanza, halafu vioo. Salvator akatoka mbio kulifunga geti la barabarani. Hakulifikia. Jiwe lilimpata mdomoni, akapiga magoti, na rungu la kwanza likamshukia mgongoni kabla hajainuka. Lynette alikuwa karibu na mlango wa karakana. Aliona mapanga, akausukuma ule mlango wa chuma na kukaza komeo.

"Mume wangu yuko nje!" Emérite akapiga kelele.

"Wataingia, mama! Watatuua sote!"

Salvator akafika mlangoni akitambaa. "Fungua! Mama Arnaud, nifungulie!" Nyuma yake sauti za wanaume zilikuwa zikiita, "Phumani! Phumani!" yaani tokeni. Lynette aliegemeza mgongo kwenye chuma na kulishika komeo kwa mikono miwili. Kila pigo aliloshushiwa yule mzee lilipita mlangoni likamgonga mbavuni. Alihesabu saba. Alikuwa na hofu kubwa kuliko aibu, na hakufungua.

Emérite hakubishana naye tena. Alichukua ubao wa mpini mrefu wa kutolea mikate, akampiga nao mkononi. Mfupa ukalia. Akampiga tena begani, akamsukuma kando, akafungua.

Salvator akaangukia ndani na damu yake. Wanaume wawili wakaingia juu yake, mmoja na nondo, mwingine na panga. Emérite alikuwa ameshachota sepeto zima la makaa ya moto kutoka tanurini, akawamwagia usoni. Wa panga alipiga yowe lisilo la mtu mzima. Mwenzake alikipiga kichwa cha Salvator kwa nondo mara moja ya mwisho, kwa chuki tu, kisha akalipokea sepeto la pili kifuani. Wakarudi nje wakiungua. Chloé, akilia, akausukuma mlango kwa miguu na mabega mpaka Emérite akakaza komeo.

Polisi walichelewa, lakini walikuja, na umati ukatawanyika. Wahudumu wa gari la wagonjwa walimfunga Salvator kichwa chote, likabaki jicho moja tu, nalo halikufumbuka. Walisema anapumua, zaidi ya hapo hawakutaka kusema.

Chloé alikuwa akimwomba Emérite msamaha, akisema sikukuu ni yake na kosa ni lake. Lynette akashindwa kuvumilia.

"Si yeye, mama. Ni mimi. Nilimwacha kwenye friza mpaka leo asubuhi, nikakudanganya."

Emérite alikuwa akijifuta majivu mikononi kwa kanga.

"Nilijua tangu nimguse. Ningekataa kama ningetaka. Hiyo nyama nilikusamehe zamani, mtoto wangu." Akapandisha mguu kwenye gari, akamwangalia mkono uliovunjika. "Lakini mume wangu ulimsikia mlangoni."

Lynette akasema ndiyo, alimsikia.

"Basi usinifuate hospitali," akasema Emérite, akaingia kukaa na mumewe.