Kiti cha Bi Koku

TANGAZO KWA WAGENI WA SAFARI YA SIKU MOJA
(ufuo, kuogelea, pango)

Kila mgeni apande gari aliloandikiwa.
Mgeni atakayechelewa hatasubiriwa.
Kiongozi atahesabu wageni katika kila kituo.
Mgeni ambaye hatahesabiwa

(hapo karatasi imechanika)


1.

"Bi Koku! Haraka mama, mzee wako keshapanda zamani!"

Huyo ni Mcha, kiongozi wa gari dogo jeupe. Koku si mimi. Mimi ni Tusekile, nimetoka Tukuyu, na nimeandikiwa gari la pili, lile kubwa, pamoja na watu kumi na mmoja nisiowajua. Lakini Mcha alikwisha kulichukua begi langu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mwanamume mwenye mvi aliniangalia, akaangalia kichochoro chote cha Mkunazini mpaka mwisho, kisha akaondoa kofia yake kitini.

Nikakaa.

Usinicheke. Nilisema moyoni, nitamsahihisha tukifika kona ile.

Kona ikapita.


2.

(Mcha, usukani, simu begani)

"Leo nimepewa watu wazima, mtu na mkewe. Wallahi hata hawasemezani. Ndoa imekomaa hiyo, mwenzangu."


3.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Gari la pili litahesabu watu, litakuta mmoja hayupo, litaniulizia. Nikaongeza sauti ya simu mpaka mwisho. Wakipiga nitaeleza, tutacheka, nitahamia kwa wenzangu.

Simu ikalia tulipotoka mjini. Nikaifungua haraka.

*Mpendwa mteja, kifurushi chako kinakaribia kwisha.*


4.

Ufuoni maji yalikuwa yamekupwa, ikabidi tuyafuate mbali. Niliogelea. Mimi maji siyaogopi, likizo zote za utotoni nilikuwa Matema, ziwani. Yule bwana hakuingia. Alisimama na suruali imekunjwa hadi magotini, amegeukia barabara.

"Bwana Kaijage, mpige picha bibi!" Mcha akapaza sauti.

Akanipiga picha. Ninaye mtu mmoja duniani mwenye picha yangu nikiwa baharini, na hajui mimi ni nani.


5.

Chakula cha mchana kikaja kwenye sinia moja. Wali, pweza wa nazi, kachumbari. Mtu na mkewe, sahani mbili za nini?

Nina miaka sita sijala sinia moja na mtu. Tangu mama afariki.

Bwana Kaijage akawa ananisogezea pweza upande wangu, kidogo kidogo, bila kuniangalia.

"Koku alisema angepanda boti ya jana jioni," akasema.

"Labda boti ilijaa."

"Haikujaa. Niliulizia." Akala tonge. "Tuna miaka ishirini na minane ya ndoa. Sikutaka kumwambia huyu kijana kwamba hakuja. Nikisema kwa mdomo itakuwa kweli. Samahani, mama. Kama una haraka ya kwenda kwa wenzako..."

"Sina haraka."

"Basi kaa."

Nikasubiri aniulize jina. Akaomba ndimu.


6.

YALIYOSIKIKA, meza ya pili, chini ya makuti, gari kubwa lilipowasili na watu wake

— Jamani tumetimia?

— Tumetimia!

— Hivi asubuhi si tulikuwa kumi na wawili?

— Nani tena?

— Kulikuwa na yule mama. Yule wa... yule.

— Mama gani?

— Aa. Basi.

(kicheko. Mtu anaagiza madafu.)

Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwao. Nilikohoa kwa makusudi. Mmoja akaniambia pole.


7.

Nikuambie kazi yangu. Nakaa dirishani hospitalini, naita wagonjwa. Kutwa nzima majina ya watu yamo kinywani mwangu: Atupele ingia, Mwakalinga ingia, Neema chumba cha tatu. Wao huniita dada. Dada wa dirishani. Dada, bado tu?

Sijakasirika nao. Naeleza tu.


8.

KITUO CHA MWISHO: PANGO
Wageni watoke majini kabla jua halijaondoka mlangoni.

Unashuka ngazi za mbao, unapinda, unakuta maji. Ya baridi, maangavu kiasi kwamba unaona vidole vya miguu yako. Juu kuna tundu, mwanga unaingia hapo, na popo wamelala.

"Haya, wageni wangu, tupandeni!" Mcha aliita.

Bwana Kaijage alitangulia. Mcha akamfuata na taulo. Mimi nikaogelea hadi nyuma ya jiwe kubwa, nikalishika, nikanyamaza.

Sikutaka kufa. Usinielewe vibaya. Nilitaka kujua kama kuna mtu atakayeniona sipo. Basi. Nimemaliza miaka hamsini na nne, na nilitaka kujua hilo tu.


9.

Sauti za juu, zikififia:

"Bibi tayari ndani?"



Mlango wa gari.

Mwingine.

Injini.


10.

Mwanga wa tundu ukawa mwembamba. Meno yakaanza kugongana. Nikalia, nikajionea haya kulia mahali ambapo hata haya hazina wa kuziona.

Injini

ikazimika.

Miguu ikashuka ngazi, mizito, bila kuangalia inapokanyaga. Si ya Mcha. Mcha huvaa kandambili.

"Koku!"

Pango likalichukua jina hilo, likalizungusha pande zote.

"Koku! Koku wee!"

Hakuwa na jina lingine la kuniita. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Lakini mwanamume haiti mgeni kwa sauti ile. Sauti ile ilikuwa ya jana jioni, ya bandarini, ya mtu anayetazama watu wakishuka mpaka wa mwisho. Alikuwa akimwita mkewe, na alijua hayumo humu, na bado alikuwa akishuka.

"Koku!"

Ningeweza kusema: Koku hakuja, bwana. Ni mimi, Tusekile. Ndiyo haki.

Nikaliachia jiwe.

"Abee!" nikaitika.

Miguu ikasimama.