Mikono Miwili ya Kushoto

Sisi mafundi cherehani tuna sala moja ambayo kila mmoja wetu anaijua kwa moyo: "Imebaki vifungo tu." Mteja akija na nguo yake haijaguswa hata na chaki, unamwambia imebaki vifungo tu. Anaondoka na amani, unabaki na kitambaa. Nimeisema miaka ishirini na miwili, tisa kati ya hiyo nikiwa mzee wa kanisa, na usingizi wangu haujawahi kupungua.

Jumapili ile nilipangiwa kutoa neno juu ya kusema kweli. Wiki nzima nililifanyia mazoezi kibandani kwa sauti, mkasi mkononi. Nilipofika pale pa kugusa sana, kwamba ulimi wa Mkristo hauna kona, nilikuwa nakata mikono ya gauni la Mama Sindano.

Mama Sindano ni muuguzi. Ameuchoma mtaa mzima, nikiwemo mimi, na hajawahi kuomba radhi. Kitambaa alikinunua marehemu mumewe, akasema mkewe atakivaa siku ya kumwoza mwana wao. Mume akafa. Kitambaa kikakaa sandukuni miaka kumi na moja, kikaletwa kwangu. Harusi ilikuwa Jumamosi baada ya neno langu.

Neno lilikwenda vizuri mno. Mzee mmoja alilia. Hata mimi nilijipenda.

Jumatatu nikaanza kuunganisha gauni. Mikono hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, uso kwa uso, upate wa kulia na wa kushoto. Mimi, kwa utamu wa maneno yangu, nilikata mmoja mmoja na kiolezo cha karatasi sikukigeuza. Nikawa na mikono miwili ya kushoto. Mabaki yake hayakutosha hata mfuko wa leso.

Jumanne akaja, yuko njiani kwenda zamu.

"Fundi, gauni langu?"

Mdomo ukanitangulia. "Imebaki vifungo tu, mama."

"Gauni langu lina zipu."

"Ndiyo. Vifungo vya... vya ndani."

Akaniangalia kama anayetafuta mshipa. "Neno lako la Jumapili lilinigusa sana, mzee," akasema, akaenda kazini.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anapiga pasi. Nikamsimulia. Hakuinua kichwa.

"Utamwambia lini?"

"Nikipata namna."

"Jumapili ulipata namna mbele ya watu mia mbili. Huyu ni mmoja, baba."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Ukiwa na mke wa aina hii, huhitaji mchungaji.

Jumatano nikaenda kwa Mama Sindano na gauni ndani ya mfuko. Nilikuwa naogopa, sifichi. Nilimkuta anaanika sare zake. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuuliza habari za watoto.

"Mama, hakuna vifungo. Nilikudanganya. Nimekata mikono yote miwili ya kushoto, na kitambaa kimekwisha. Ninaweza kukushonea lisilo na mikono."

"Niende kumwoza mwanangu mabega nje?"

"Basi huu mmoja nikiugeuza nje ndani utakaa kulia. Lakini utaonekana. Upande wa nyuma maua ya kitambaa yamepauka."

Akauchukua ule mkono, akaugeuza, akaushika muda mrefu. Mimi nilikuwa nahesabu vibanio vya nguo kwenye kamba. Vilikuwa kumi na vinne.

"Marehemu hakununua kitambaa bila kukigeuza," akasema. "Alikuwa anawaudhi wenye maduka. Anasema mbele kila kitambaa ni kizuri, nionyeshe nyuma." Akapangusa macho kwa sare mbichi. "Geuza, fundi. Na ukinidanganya tena, ujue sindano ninazo."

Jumamosi akaingia kanisani, mkono mmoja umechanua, mwingine umepauka. Kila aliyemuuliza alimjibu kwa sauti ile ya wodini: "Fundi alikosea, akaja mwenyewe kuniambia." Kisha ananyoosha kidole, wasije wakahangaika kunitafuta. Nilitamani nijifiche chini ya benchi. Lakini alipomwekea mwanawe mkono kichwani kumbariki, aliweka wa kulia, ule uliopauka, na bwana harusi akakishika kitambaa cha mkono ule, asiachie. Nikalia. Sikuwa na neno lolote nililoandaa.

Jumatatu mwalimu mmoja akapita kuulizia suti yake.

"Imebaki vifungo?" akauliza, tayari anageuka kuondoka.

"Sijaikata."

Akarudi, akakaa kwenye kiti cha wateja, ambacho hakuna mteja aliyewahi kukikalia. "Fundi, unaumwa?"

"Niko salama."

"Basi itakuwa tayari lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi kweli?"

Nikaitazama rafu yenye vitambaa vya watu. Nikamtazama yeye.

"Alhamisi ya wiki ijayo," nikasema.