Mlango wa Tatu

Nilistaafu ualimu miaka tisa iliyopita, na tangu mke wangu Berthe afariki, jambo moja tu liliniondoa nyumbani. Kila asubuhi, saa nne kasorobo, nilipanda treni ya chini ya ardhi, behewa la pili, nikasimama penye mlango wa tatu. Treni zetu zilikuwa za zamani: mlango haukufunguka mpaka abiria ainue komeo la chuma, nasi wa Paris tuliliinua kabla treni haijasimama.

Katika kituo cha Tanneurs alingoja Bibi Ferrand, aliyekuwa mshona kofia. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilivunjika, kisipone vema. Mkono wa kushoto ulishika mkongojo. Komeo lilimshinda. Nami nilimfungulia kutoka ndani.

"Umechelewa, Bwana Thévenot," alizoea kusema. "Nitakushtaki."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Kusinzia kazini."

Baada ya vituo vitatu alishuka kwenda kwa dada yake. Siku nyingi hayo ndiyo maneno pekee niliyoambiwa mpaka kesho yake. Sikumweleza hivyo, niliona si adabu kumtwika mtu upweke wangu.

Mwezi Machi zililetwa treni mpya. Siku ya kwanza nilisimama mahali pangu, na tulipokaribia Tanneurs mkono wangu uliinuka wenyewe, ukashika hewa. Milango yote ikafunguka kwa pamoja.

Bibi Ferrand akaingia, akautazama mkono ule.

"Wamekufuta kazi, bwana," alisema akicheka.

"Ndivyo, mama."

"Mimi wamenipumzisha. Ngazi ziko kule mwisho, unajua? Miaka minne najikokota mpaka huku kwa ajili ya mlango wako."

Nilipaswa kumwomba aendelee kuja. Badala yake nilimpongeza.

Kesho yake, treni ilipoingia Tanneurs, nilimwona kupitia dirisha: amesimama karibu na ngazi, akingoja behewa la nyuma. Ningeweza kuhamia huko. Lakini ningemwambia nimefuata nini, ilhali hakuna tena komeo la kuinua?

Mlango wa tatu ukafunguka mbele yangu. Jukwaani hapakuwa na mtu. Hata hivyo nilisogea kando, kama ampishaye mwingine, nikakaa hivyo mpaka ulipojifunga.