Mstari wa Kapasita ya Njano

Kwenye kibanda cha Sajjad, Barabara ya Hall, Munawwar Husain alichagua visanduku vinne vya kusomea CD vilivyong'olewa kwenye kompyuta za zamani, vile vyenye tundu la hedifoni na kigurudumu cha sauti kwa mbele. Akaongeza kadi moja ya sauti iliyoanza kutu pembeni.

"Ustadh, watu siku hizi wanasikilizia simu," Sajjad alisema huku akimfungia mzigo kwenye gazeti. "Wewe bado unachokonoa mizoga."

"Mzoga una nyama, ukijua pa kukata."

"Na safari hii amplifaya ya nani? Maana zako zimejaa hadi chini ya kitanda."

"Ya Latafat. Masikio yamemwisha."

"Yule mzee wa benki? Masikini. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, ustadh."

"Hilo halijafa. Linataka kusukumwa tu."

Kwa miaka ishirini na sita Latafat Beg alikuwa akifika kwa Munawwar, mtaa wa Mozang, kila Alhamisi baada ya adhuhuri, akapanda zile ngazi za giza na mfuko wa samosa mkononi. Munawwar alimwonyesha alichounda wiki ile, akakiwasha, wakasikiliza ghazali, nyimbo za mapenzi na huzuni, mpaka alasiri. Latafat naye alikuwa na kazi yake. Macho ya Munawwar yalichoka tangu enzi alipofanya kazi kwenye karakana ya redio, kwa hiyo yeye alichomelea, na mwenzake, miwani ikiwa imemning'inia puani, alimsomea maandishi ya vile vipande vidogo. Hakuna fundi aliyekuwa na bahati kama hiyo, na Munawwar hakuwahi kumwambia.

Kisha mke wa Latafat akafariki. Alhamisi ya kwanza baada ya arobaini, Latafat alikuja. Munawwar hakujua kumfariji mtu kwa maneno, hakujaliwa kipawa hicho, basi alimwandalia amplifaya mpya na ghazali alizozipenda marehemu, moja baada ya nyingine. Mara mbili Latafat alifungua mdomo, mara mbili Munawwar akainua kidole: ngoja, hapa ndipo penyewe.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Munawwar akampigia simu.

"Kaka, mbona kimya? Samosa zako ziko wapi?"

"Masikio yameniisha, kaka Munawwar," sauti ikajibu. "Sisikii kitu. Nije kufanya nini?" Na simu ikakatwa.

Miezi saba ikapita hivyo. Munawwar hakuwa na mtoto wala ndugu wa karibu, na majirani zake walimjua kama yule mzee wa kelele. Upweke ulimkuta kwenye sufuria: hakujua kupika chai ya mtu mmoja, kila siku ilibaki, kila siku akaimwaga. Mashine zake ziliimba vizuri kuliko wakati wowote, naye alizichukia. Akaapa kwamba kama shida ni masikio, atayatengenezea masikio chombo chake.

Alifungua visanduku vile kimoja kimoja. Ndani mna kipande cheusi chenye miguu minane ambacho kazi yake ni kuisukuma sauti mpaka kwenye hedifoni. Alikipasha moto taratibu hadi kikaachia ubao. Kutoka kwenye kadi ya sauti alitoa kapasita, vile vipande vya kuhifadhi umeme: za duara zilizosimama kama vikopo, na nyingine za njano, ndogo kama punje ya dengu. Kapasita hizi zina upande wa chanya na upande wa hasi, na ole wako ukizigeuza. Alama yake ni mstari ubavuni. Munawwar alisogeza taa, akakodoa, akauona mstari, akachomelea. Alivipanga vyote ndani ya kopo la biskuti na kuijaribu mashine kwa hedifoni na betri kongwe za saa ya ukutani, zilizobaki na nguvu kidogo. Iliimba.

Alhamisi akanunua betri mpya kabisa, kwa heshima ya rafiki, akavuka mji hadi nyumbani kwa mtoto wa Latafat.

Mkaza mwana, Farzeen, ndiye aliyefungua mlango.

"MZEE YUPO?" Munawwar aliuliza.

"Yupo, baba mdogo. Mbona unapiga kelele? Mimi nipo hapa hapa."

"Najizoeza, mwanangu."

Latafat alikuwa amekaa karibu na dirisha, akitazama mpera uani. Alikuwa amekonda. Walikumbatiana, kisha Munawwar akaanza upesi kufungua kopo na kuonyesha kwa mikono: hiki, hapa, masikioni, utaona. Latafat alitazama kidogo, akatoa kicheko cha adabu, akageukia tena mpera wake. Nyuma ya mgongo wake, Munawwar akatia betri mpya.

Pap.

Ulikuwa mlio mdogo, kama wa bisi moja kikaangoni. Latafat aligeuka kabla moshi haujatoka.

"Umeweka kinyume," alisema. "Ya njano mstari ni chanya, kaka. Ya duara ndiyo mstari hasi. Nikwambie mara ngapi?"

Moshi ukapanda baina yao, ukinuka vibaya. Hakuna aliyeupepea.

"Umesikia," Munawwar alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

"Nimesikia."

"Na kwenye simu ulinisikia."

"Nilikusikia."

Munawwar aliona aibu ikimpanda, kisha hasira, kisha ikabaki huzuni peke yake. "Ungesema tu umenichoka."

"Sikukuchoka." Latafat alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Miaka ishirini na sita nimekuja kwako, kaka, na kusema kweli sijawahi kusikia tofauti ya amplifaya na amplifaya. Nilikuja kuzungumza. Ukiwasha tu, unaniambia sss, sikiliza. Nikavumilia, nikasema ndivyo alivyo. Lakini ile Alhamisi nilikuja na neno. Halikuwa neno la kumwambia mwanangu. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia, na ukaniambia ngoja ghazali iishe. Ikaisha. Ukaweka nyingine."

Farzeen alileta chai, akawatazama, akaiacha mezani akatoka.

"Neno gani?" Munawwar aliuliza. "Niambie sasa. Nakusikiliza."

Latafat alimtazama. Halafu akanyoosha mkono, akachukua hedifoni za mashine ile iliyoungua, akazivaa masikioni na kugeukia dirisha.

Munawwar alivuta kiti karibu, akakaa, akasubiri azivue. Chai ikapoa.