Kirangozi Mwenye Taa Nyekundu

"Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye nyumba na wapangaji, ya kwamba anga iliyo juu yenu, kuanzia usawa wa bati hadi macho yanapoishia, sasa ni anga yenye sheria, na kila kirukacho kwa biashara..."

Hapo gari la matangazo likazimika katikati ya mtaa wa Kanyenye, na wananchi wote, wenye nyumba na wapangaji, wakaombwa kusukuma.

Asnath alisukuma upande wa nyuma. Tangazo lilimhusu kuliko wengine, maana alikuwa na droni moja ya kupigia picha za harusi, na kibali ambacho tangu mwaka jana "kilikuwa kinashughulikiwa". Gari lilipowaka lilikwenda zake bila kumalizia sentensi.

Juu, wapagazi wafu walikuwa wakipita kama kawaida. Njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka Ujiji kwenda pwani, ilikatiza hapohapo Kanyenye, na maduka yalipojengwa juu yake ikabidi ipande. Ilipanda taratibu, hadi wafu wale wakawa wanatembea juu kidogo ya mabati, pembe za ndovu mabegani. Walikuwa wakizunguka mji tu, kwa sababu kirangozi wao, yule wa kutangulia msafara, aliachwa njiani akiugua ndui. Na mpagazi hatui mzigo mpaka kirangozi atue wake. Watu wa Kanyenye walikuwa na lalamiko moja tu, nalo ni vumbi kwenye nguo zilizoanikwa.

Jumapili, baada ya ibada, Asnath alirusha droni uani kuijaribu. Ilikuwa na taa nyekundu na mlio wake. Kirangozi wa zamani naye alivaa joho jekundu na kutangulia na ngoma, kwa hiyo kosa la wapagazi linaeleweka: walijipanga nyuma ya droni. Ilipokwenda kulia, walikwenda kulia. Ilipozunguka mpapai, walizunguka mpapai.

Bibi yake, Theodora, aliyekuwa akipepeta mchele wa Igunga, aliinua macho.

"Yule wa tatu ni Ngollo," alisema. "Babu yangu. Bega la kulia limeshuka, kama nilivyosimuliwa."

"Wote mabega yameshuka, Bibi."

"La Ngollo limeshuka kwa maringo. Mwangaluka, babu!" akamwamkia.

Wa tatu akapiga mluzi. Hakuwa na mkono wa kupunga.

"Sasa wewe unangoja nini?" Theodora alimwambia mjukuu wake. "Lishushe hilo linyuki lako litue, naye atue. Mtu kabeba tangu Wajerumani hawajafika!"

Akaweka ungo pembeni, akatandika mkeka. Asnath akaanza kuishusha droni. Ilipofika usawa wa dirisha, hodi ikapigwa. Alikuwa Vedasto, kijana wa mtaa wa pili, siku hizi ofisa wa mambo ya anga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu, ila ngoja kidogo, tuna mgeni anashuka."

"Ndilo lililonileta. Dada Asnath, droni ya biashara hairuki juu ya watu bila ridhaa yao."

"Mimi siruki juu yao. Wao ndio wako juu."

Vedasto akafikiri. "Basi unaruka chini ya watu. Hilo nalo linahitaji ridhaa. Wametia saini?"

"Watie saini na nini? Mikono yote imeshika pembe."

"Watue mizigo kwanza."

"Hawatui mpaka droni itue."

"Na droni haitui mjini mpaka watie saini," alisema Vedasto, wala si kwa ubaya. Alionekana kuridhika, kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

"We Vedasto," alisema Theodora, "yule anayechechemea kule nyuma si wa kwenu?"

Vedasto akatazama. "Ndiye," alisema. "Shikamoo, babu."

Droni ilikuwa imebakiza shubiri moja kufika chini. Wapagazi wote walikuwa wamekunja magoti. Ngollo alikuwa ameshateremsha pembe hadi kifuani. Vedasto akainama, akaidaka.

"Imekamatwa," alisema. "Haijatua."

Juu ya mabati magoti yakanyooka yote kwa pamoja, kwa sauti ya kuni kavu zinazovunjwa. Pembe zikarudi mabegani.

Droni iliwekwa ofisini juu ya kabati, maana kielelezo hakiwekwi sakafuni. Asnath aliifuatilia mpaka soli zikaisha. Kila alipokwenda alikaribishwa kiti.

Mvua zilipoanza ikaja kampuni moja yenye kibali kamili. Droni zake nazo zina taa nyekundu, na kwa mujibu wa kibali hazitui mjini: hudakwa kwa mkono, hubadilishwa betri, hurushwa tena. Wapagazi wanazifuata. Kampuni iligundua kwamba sheria inapima mzigo wa droni, haipimi mzigo wa mpagazi, na tangu hapo vifurushi vya Sikonge, Nzega na Igunga hufungwa juu ya pembe, kwa kutumia ngazi. Hufika siku hiyohiyo. Watu wamesifu huduma. Kuhusu ujira wa wapagazi, sheria haikuutaja.

Kila Jumapili Theodora hutandika mkeka uani na kuweka kata ya maji pembeni. Ngollo bado hupiga mluzi anapopita. Bega limeshuka zaidi, na maringo hayapo tena.

Jumapili iliyopita bibi huyo, ambaye macho yake hayajui miwani, alisoma jina lililoandikwa kwenye kifurushi cha juu kabisa cha Ngollo. Kisha akanigeukia mimi, mtoto wa jirani, niliyekuwa nimekaa palepale uani, likizo ya shule, nakula wali wake na kumwonea huruma babu yake kwa sauti.

"Hili si jina lako?"

Ni langu. Ndani mna raba. Ngollo aliniletea wiki iliyotangulia, zikanibana. Hapo alikuwa anazirudisha.