Kumi na Moja, Kwa Neno

Siran Hagopian alikuwa amekwenda jikoni kutafuta kahawa tu, hana shari na mtu, ndipo dunia ilipomgeukia.

Saa nne kamili asubuhi, Jumatatu. Pale kwenye kona ya birika alimkuta Renske, yule Mholanzi wa watu wa njia, anachovya mfuko wake wa chai na kuhesabu sekunde kwa midomo, maana Renske hata chai huipigia hesabu. Watu wa njia kazi yao ni kujua chombo cha angani kiko wapi na kitafika lini. Watu wa kamera, akina Siran, kazi yao ni kuiambia kamera itazame wapi na ifumbue jicho saa ngapi. Kati ya hawa na hawa kuna ua wenye miti ya jakaranda, na simu.

"Sasa ni kungoja tu," Renske akasema. "Natumaini kamera yako ilikuwa na subira, Siran. Sekunde kumi na moja si mchezo."

"Subira ya nini?"

"Si ya kungoja? Chombo kimechelewa, bwana. Kumi na moja. Nilikuletea karatasi Alhamisi."

Siran alicheka. Hata yeye hakujua kacheka nini. "Kimechelewa, au kimewahi?"

"Kimechelewa," Renske akasema, akautoa mfuko wa chai na kuukamua. "Kwani ulisoma nini?"

"Hapana, hivyo hivyo," Siran akajibu, na akaondoka bila kahawa.

Alikwenda moja kwa moja chooni, akafunga mlango, akaketi juu ya kifuniko. Karatasi ya Alhamisi aliikumbuka kama anavyoikumbuka sura ya mama yake: kumi na moja, na mbele yake alama ya kutoa. Bwana aliyekuwapo kabla ya Renske, aliyestaafu Machi, alikuwa anachukua wakati mpya wa chombo kufika na kutoa wa zamani. Kwake alama ya kutoa maana yake ni kuwa chombo kimewahi. Siran amefanya kazi na alama za yule bwana miaka tisa. Basi alipoiona ile alama, akavuta amri zote za kamera nyuma kwa sekunde kumi na moja, zianze mapema. Kumbe Renske, huko alikotoka, huchukua wa zamani na kutoa mpya. Alama ni ileile, maana imepinduka.

Alichana karatasi ya kufutia mikono akapiga hesabu. Kumi na moja alizovuta nyuma, na kumi na moja alizopaswa kusogeza mbele. Ishirini na mbili. Kwa mwendo wa chombo kile, sekunde ishirini na mbili ni zaidi ya kilomita mia tatu, na kamera ile ndefu inatazama kwa tundu dogo kama la ufunguo. Akapiga hesabu mara ya pili. Akapiga ya tatu, huku anaomba akosee. Siran hakosei hesabu.

Na wala hakuna la kufanya. Chombo kilikuwa kimeshaupita ule mwezi mdogo wa sayari ya Zohali, kilioutumwa kuupiga picha, saa tatu na dakika kumi, yeye yuko ndani ya gari anagombana na mumewe kwa simu juu ya fundi bomba. Sauti yetu hufika Zohali baada ya saa moja na dakika kumi na tisa, na jibu hurudi kwa muda huohuo. Isitoshe, chombo kikipiga picha huigeuzia dunia kisogo, kikimaliza ndipo kinageuka na kuanza kumwaga kilichonacho. Picha ya kwanza ingeonekana saa sita na robo. Zimeshapigwa, nzuri au mbaya, ziko tumboni mwa kile chombo, na hakuna binadamu anayejua isipokuwa Siran Hagopian aliyejifungia chooni.

Jamani, ingekuwa alama peke yake, mtu angesema bahati mbaya. Lakini kazi ile ina sheria moja ya kizamani ambayo wageni huicheka: kusomeana. Namba yoyote ya mwisho haiingii kwenye amri za kamera mpaka mtu wa kamera ampigie simu mtu wa njia, amsomee kwa neno, si kwa alama. Unasema: kumi na moja, kimechelewa. Mwenzako anakujibu: kumi na moja, kimechelewa, nimesikia. Kisha unatia tiki kwenye kisanduku. Hata nusu dakika haifiki.

Kwa Renske ilikuwa nusu saa. Ukimpigia atakuuliza hili, atataka umsomee lile, atakumbuka swali la juzi. Alhamisi Siran alipiga mara mbili, simu ikawa inatumika, na moyoni akashukuru. Kulikuwa na lahmajun za mama mkwe, ile mikate myembamba ya nyama, zinapoa mezani. Akatia tiki.

Tiki ile ndiyo iliyokuwa inamla. Kusoma vibaya ni kosa. Tiki ilikuwa uongo.

Alipotoka, kwenye ukumbi wa kamera watu walikuwa wameshaanza kujaa. Mzee Walt Lindqvist, kiongozi wao, kavaa suti ileile ya rangi ya mchanga aliyoivaa siku chombo kilipofika Zohali, ila sasa haifungi tumboni. Anapitisha chupa ya karanga za bahati.

"Chukua, binti. Usiniletee nuksi."

"Nimeshiba, Mzee."

"Nani kakuuliza habari za kushiba? Karanga hizi haziliwi kwa njaa."

Alichukua mbili. Zikakaa mdomoni kama kokoto.

Mzee Walt alikuwa na miaka sitini na saba, na kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa anautafuta ufa mmoja. Mwezi wenyewe ni mdogo, wa barafu tupu, mweupe na mviringo hata wakaubandika jina la Kidonge. Upande wake wa kaskazini una ufa mrefu ambao umeonekana mara moja tu, kwa mbali, kwenye picha yenye ukungu. Walt aliandika kwamba ufa ule unapumua, kwamba chini yake kuna maji. Wenzake wakamcheka kwa adabu, kisha wakamcheka bila adabu. Leo chombo kingepita karibu kabisa, na mafuta yake yalibaki ya kukitupa ndani ya Zohali tu. Hakuna kurudi. Picha nane, basi.

"Unajua nini," Mzee akamnong'oneza, "jana sikulala. Mtu mzima mimi! Nililala chali nikawa nautazama ufa kwenye dari."

Mwambie, Siran akajiambia. Mwambie sasa hivi, yuko peke yake. Akafungua mdomo.

"Mzee..."

"Ee?"

"Tai yako imepinda."

Lo! Saa nzima na nusu ilipita hivyo. Alikwenda mezani kwake akaitoa karatasi, akaitazama tiki, akairudisha. Akaitoa tena. Mikono ilikuwa baridi, na jua lote lile la Pasadena nje. Mara akajifariji kwamba labda Renske ndiye aliyekosea. Mara akatamani chombo kiharibike kabisa, kinyamaze, pasiwe na picha wala swali, na hapo akajiogopa mwenyewe.

Lonnie Pruitt, mwenzake wa meza ya pili, mtu wa maneno, akamwegemea begani. "Mbona umekuwa kijivu hivyo? Tulia, mama. Sisi yetu tulimaliza. Zikija nyeusi, tutajua ni Mholanzi na hesabu zake."

Siran hakujibu. Na katika kutojibu kule, Mungu amsamehe, alihisi nafuu kidogo.

Saa sita na robo watu walibanana mbele ya kioo kikubwa. Renske naye kavuka ua, kasimama nyuma karibu na mlango, kikombe mkononi. Picha ya kwanza ikashuka mstari kwa mstari.

Nyeusi.

"Ni ukingo huo," mtu akasema. "Ya kwanza ni ya ukingo."

Ya pili ikaja, nyeusi, na nyota moja kwenye kona. Ya tatu nyeusi. Ya nne. Mzee Walt alikuwa ameinamisha kichwa mbele, anapekua ule weusi kama mtu anayetafuta sindano zuliani.

Ya tano ilipokuja nyeusi, Lonnie akapasuka. "Si nilisema? Si nilisema mimi? Hawa watu wa njia wametupa namba ya ovyo! Dada Renske, hebu tuambie, ulitupeleka wapi?"

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Renske akakiweka kikombe chini, sakafuni, kwa kuwa hapakuwa na meza. Uso ulikuwa umemshuka. "Nilihakiki mara nne," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Labda... labda nimekosea mimi. Sijui. Niacheni nikaangalie."

"Kaangalie nini, na chombo kimeshapita!"

"Mwache!" Siran akasema.

Sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka. Akashika kiti.

"Namba yake ilikuwa sawa. Alisema kimechelewa, mimi nikasoma kimewahi. Nimeirudisha kamera nyuma badala ya kuipeleka mbele."

"Haiwezekani," Lonnie akasema. "Mlisomeana. Tiki niliiona mimi."

"Hatukusomeana. Simu yake ilikuwa inatumika. Nilitia tiki tu."

Ukumbi mzima ulisikia. Mzee Walt akageuka polepole, na Siran akamwona alivyozeeka ghafla ndani ya ile suti.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Saa nne."

"Saa nne! Na karanga zangu ukala?"

"Mzee, nisamehe."

"Miaka ishirini na mitatu, Siran!" akapiga kelele, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele. "Ishirini na mitatu! Ungekosea hesabu ningekukumbatia hapa hapa. Nimekosea hesabu maisha yangu yote. Lakini tiki? Ulitia tiki?"

Siran alikuwa analia sasa, bila kujifuta, na hakuna aliyemsogelea.

Ya sita ikaja nyeusi, na ya saba. Lakini kadiri chombo kilivyozidi kuukimbia mwezi ndivyo kosa lilivyozidi kupungua, na ya nane ilipoanza kushuka, kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na kitu cheupe. Kipande cha ukingo wa Kidonge, kikali na safi kiasi kwamba vivuli vya mabonge ya barafu vilihesabika. Halafu picha ikakatika, kwa sababu imefika mwisho wake.

Mzee Walt akakisogelea kioo. Akauweka mkono juu ya ule weupe, kidole gumba pembeni, akapima shubiri moja kwenda kulia. Ikatoka nje ya kioo. Akapima ya pili ukutani, juu ya rangi, akapita swichi ya taa, na ya tatu. Akaweka kidole.

"Hapa," akasema. "Ufa uko hapa."

Kisha bila kugeuka akasema, "Leta karatasi ya Alhamisi."

Siran akaileta. Mzee akaiweka juu ya meza, akamwita Renske kwa mkono, akawasimamisha wawili hao ana kwa ana.

"Someni."

"Mzee, sasa itasaidia nini?"

"Someni, nimesema."

Siran akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Kumi na moja," akasoma.

"Kwa neno."

"Kumi na moja," akasema, na sauti ikamkatikia. "Kimechelewa."

Renske naye macho yalikuwa yamejaa. Lakini kazi ni kazi, na zamu ya kujibu ilikuwa yake.

"Kumi na moja. Kimechelewa," akasema. "Nimesikia."

Mzee Walt akatoa kalamu kwenye suti, akampa Siran. Siran akaikata ile tiki kwa mstari mmoja, na pembeni yake akaandika saa waliyosomeana kweli: sita na dakika thelathini na nne.